Mama Aliyejibu kwa Kichwa

Nimezaliwa Bungoma, naishi Kibomet pale Kitale, na kazi yangu ni kuandika maneno ya watu wengine. Kuna bunge la kaunti huku na kuna lingine kule, na sitasema langu ni lipi. Wanaonijua wanajua. Mimi ni mwandishi wa Hansard. Kila neno linalosemwa bungeni na kwenye kamati zake, sisi wanne katika chumba kimoja kidogo ndio tunalitoa kwenye kinasa sauti na kuliweka kwenye karatasi, ili kesho mtu asije akasema hakusema.

Dada yangu anasema hiyo si kazi, ni umbea wenye ofisi. Mwache aseme. Hajawahi kukaa na hedifoni masikioni, mguu kwenye kikanyagio cha kurudisha sauti nyuma, akijaribu kujua ni mheshimiwa yupi kati ya watano waliopiga kelele pamoja ndiye aliyesema “uongo!” Tunaandika kwa zamu. Wewe unachukua dakika kumi za kikao, mwenzako anachukua kumi zinazofuata, na dakika kumi hizo za waheshimiwa wakigombana zinaweza kula asubuhi nzima. Halafu kuna wale wanaoanza hotuba kwa Kiswahili cha mbwembwe, na kwetu aliyeanza na Kiswahili sharti amalize na Kiswahili. Wakifika katikati ya bajeti kinawaishia. Unamwona mtu mzima anatoa jasho akitafuta neno la zabuni, Spika anamtazama tu, na mimi huku nacheka peke yangu.

Kanuni yetu kubwa ni moja, na niliipigania hadi wenzangu wakanibandika jina. Mheshimiwa mmoja alikuja ofisini kwetu amefura, ati Hansard haionyeshi kwamba alipinga hoja fulani, na watu wa wadi yake wanamsumbua.

“Nilipinga, bana. Kila mtu aliniona nikipinga.”

“Ulipinga ukisema nini, mheshimiwa?”

“Si nilikunja uso!”

Nikamwambia uso hauingii kwenye Hansard. Kama haiko kwa tepu, haiko. Akaenda kunishtaki kwa Spika, akarudi mikono mitupu. Tepu zenyewe tuliziacha zamani, siku hizi ni vifaa vidogo vya kutoshea kiganjani, lakini tangu siku hiyo wenzangu huniita Haiko-kwa-Tepu. Nililipenda jina hilo. Nilikuwa sijui litanichoma vipi.

Sasa nieleze jambo moja la kamati, maana bila hilo hamtanielewa. Kwenye ukumbi mkubwa kila mheshimiwa ana kipaza sauti chake. Kwenye kamati hakuna anasa hiyo. Mwandishi anaingia, anaweka vinasa sauti viwili mezani, anakaa pembeni na daftari akiandika nani ameongea na saa ngapi. Haongei. Lakini mashahidi wanaokuja mbele ya kamati ni watu, na watu hujibu kwa kunyoosha kidole, kwa kuinua bega, kwa kutikisa kichwa. Hapo mwandishi anaandika kikaratasi, anamsogezea karani wa kamati, karani anamnong'oneza mwenyekiti, na mwenyekiti anasema kwa sauti, “Iandikwe kwamba shahidi amekubali.” Ndiyo njia pekee ambayo kichwa cha mtu kinaweza kuingia kwenye Hansard: kinapitia mdomo wa mwenyekiti.

Mwenyekiti wa kamati ya masoko wakati huo alikuwa mtu wa kwetu Bungoma, mwenye haraka na sauti ya kuitia ng'ombe. Asubuhi moja nilimpelekea vikaratasi vitatu. Cha tatu alikikunjakunja, akageuka kwangu mbele ya watu wote.

“Madam, wewe uliandikwa kazi ya kuandika ama ya kuendesha mkutano?”

Watu wakacheka. Na kicheko hicho, kwa kuwa kilisikika kwenye kinasa sauti, ilibidi nikiandike mwenyewe kesho yake, pamoja na mabano yake: (Kicheko). Nilikiandika nikiwa na machozi ya hasira. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nikaapa kwamba mtu huyu sitampelekea kikaratasi tena. Si amesema niandike? Basi nitaandika. Akitaka kupotea njia, apotee.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, akaletwa mama mmoja.

Alikuwa mjane, miaka sitini na kitu, muuzaji wa viazi na mboga kwenye soko dogo lililo kwenye barabara ya kupanda mlimani. Viazi vyake vilitoka Cheptais, na kibanda chake alikuwa amekikalia tangu watoto wake wakiwa wadogo. Soko la zamani lilibomolewa, likajengwa jipya la mabati na saruji, na kila aliyekuwa na kibanda alipaswa kupewa kingine. Jina lake halikutokea. Alipouliza, akaonyeshwa karatasi yenye alama ya kidole chake, inayosema ameacha kibanda kwa hiari yake. Wenzake wa sokoni ndio walioleta malalamiko bungeni. Na kamati ilitaka kujua kitu kimoja tu: alipoweka kidole, aliambiwa karatasi ni ya nini? Kama aliambiwa, kibanda kimeenda. Kama hakuambiwa, arudishiwe. Mama yule hakuwa na shamba wala kazi nyingine, na alikuwa na wajukuu watatu wanaokula kutoka kibanda hicho.

Alikaa upande. Kiti kilielekea meza lakini yeye alielekea dirisha, leso imevutwa hadi ikafunika nusu ya uso. Mwenyekiti naye siku hiyo alikuwa mpole ajabu. Alisoma swali akiwa ameinamia karatasi, hakuinua macho hata mara moja.

“Mama, wakati unaweka kidole hapa, kuna mtu alikuambia hii karatasi ni ya nini?”

Mama akatikisa kichwa. Hapana. Polepole, mara mbili, leso ikicheza.

Mwenyekiti akangoja, macho kwenye karatasi. “Mama, umesikia swali?”

“Nimesikia.”

“Basi. Uliambiwa?”

Akatikisa tena. Niliona, wallahi niliona. Waheshimiwa wawili walikuwa wametoka kunywa chai, wengine wanapekua makaratasi, karani yuko kwa simu. Mwenyekiti akasikiliza kimya, akakohoa, akasema, “Sawa. Tuendelee.”

Kalamu ilikuwa mkononi. Karatasi ilikuwa mbele yangu. Ingenichukua maneno manne tu. Lakini moyoni nilikuwa bado nasikia watu wakicheka, na nikajiambia: si ulisema niandike tu? Tazama, naandika tu. Nikaandika saa kwenye daftari langu, nikanyamaza. Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu na mengine hata yananichekesha. Hili halinichekeshi.

Kesho yake asubuhi sehemu hiyo ikawa zamu yangu. Nikavaa hedifoni, nikabonyeza. “Uliambiwa?” Halafu kimya. Mahali fulani nje mtu anapiga honi. Karatasi inafunuliwa. Halafu, “Sawa. Tuendelee.” Nilirudisha nyuma mara saba, kana kwamba kichwa cha mama kingeanza kutoa sauti. Nilikuwa nimefika mara ya nane karani wa kamati alipopita kuchukua kurasa zilizokuwa tayari, kwa sababu alikuwa anaandika ripoti. Nikamwuliza ataandika nini hapo.

“Nimeshaandika,” akasema. “Shahidi alipoulizwa kama alielezwa, hakukana. Ripoti inapitishwa na kamati kesho.”

Nikachukua kurasa zangu, nikaenda kwa mhariri wetu mkuu.

Mhariri ni mzee wa taratibu, mtoto wa wakulima waliotoka katikati ya nchi zamani wakalima mahindi huko Endebess, na bado hukagua sentensi kama anayekagua mbegu. Nilikuwa nimeongeza kwenye mabano: (Shahidi alitikisa kichwa kukataa). Akaisoma, akaweka kidole chake hapo.

“Hii imetoka wapi?”

“Niliiona kwa macho yangu, mzee.”

“Mwenyekiti alisema iandikwe?”

“Hakusema.”

“Iko kwa tepu?”

Mwenzangu mmoja nyuma yangu akaguna, na nilijua kwa nini anaguna.

“Lakini kicheko tunaandika,” nikasema, sauti ikipanda. “Mabano yote hayo ya kicheko na makofi. Mbona kichwa cha mama kisiandikwe?”

“Kicheko kinasikika. Madam, nikikuruhusu leo uandike ulichoona kwa sababu wewe ni mtu mzuri, kesho yule wa kukunja uso atarudi hapa na macho ya watu wake. Utamwambia nini?”

Alikuwa amesema kweli, na ndiyo sababu nilikasirika. Alichukua kalamu nyekundu, akafuta mabano yangu kwa mstari mmoja, bila haraka. Nikasimama pale. Sikutoka. Nikamwambia wazi kwamba niliacha kupeleka kikaratasi makusudi, kwa kisirani, na kwamba mama wa watu atapoteza kibanda kwa sababu ya kisirani changu. Mzee alivua miwani.

“Hilo nitaliandikia barua na itaingia kwenye faili yako,” akasema.

“Iingie. Lakini nifanye nini leo?”

Akafungua droo, akatoa kitabu chetu cha kanuni, akakipekua hadi mahali ambapo kurasa zilikuwa bado nyeupe kwa kutofunguliwa. Shahidi ana haki ya kusoma maneno yake, au kusomewa, kabla ripoti haijapitishwa, na ana haki ya kuomba asikilizwe tena. Hakuna aliyewahi kuitumia. Wakubwa wanaokuja mbele ya kamati huwa na mawakili, na mama wa sokoni nani atampandia mlima kumsomea?

“Mimi,” nikasema.

“Msomee kilichoandikwa. Neno kwa neno. Ukimfundisha la kusema, kazi huna, na ushahidi wake wote utatupwa. Umenisikia?”

“Nimesikia, mzee.”

Nilifika sokoni saa nane mchana. Soko jipya lilikuwa linang'aa, vibanda vimepangwa mistari, watu wanauza. Kimoja kilikuwa na kufuli. Mama alikuwa ameketi chini mbele ya kile chenye kufuli, ambacho kingekuwa chake, viazi vyake kwenye gunia lililotandikwa ardhini, nusu juani. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni yule wa pembeni mwenye daftari. Akanijua. Akanivutia ndoo niketi.

“Nimetumwa nikusomee maneno yako, mama. Useme kama ndivyo ulivyosema.”

“Soma, mwanangu.”

Nikasoma. Jina lake, kijiji chake, miaka aliyouza pale. Kila mahali anasema, “Ndiyo, nilisema hivyo.” Nikafika penyewe. “Uliambiwa?” Nikanyamaza, kama kwenye karatasi. Na mama, palepale juu ya gunia, akatikisa kichwa.

Nikasoma swali tena. Akatikisa tena, kwa nguvu zaidi, kama anayemshangaa kiziwi. Nilikaribia kupiga kelele. Nilitaka kumshika mabega nimwambie, sema, mama, fungua mdomo useme! Lakini mzee alikuwa amenionya, nami nilijua kwamba neno likitoka kwangu halitakuwa lake. Nikashika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili.

“Mama, mimi nasoma kilichoingia peke yake. Hapa baada ya swali hakuna kitu.”

“Hakuna vipi? Si nilijibu?”

“Mashine haina macho. Inasikia tu.”

Akaniangalia. Nikaona jambo hilo likimwingia. “Kwa hivyo hapo ni kama sikuwa?”

“Hapo ni kama hukuwa, mama.”

Akashika kiazi, akakipangusa udongo, akakirudisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Sasa mimi ningefanyaje? Yule ni mukwe wangu.”

“Nani?”

“Yule mwenye kiti kikubwa. Binti yangu wa pili ameolewa na ndugu yake, baba mmoja, mama mmoja. Unataka nimurushie mukwe maneno kwa uso? Nimwambie hapana mbele ya watu? Binti yangu atakaa aje kwa hiyo nyumba?”

Nilikaa pale kwenye ndoo kama mjinga. Mimi, mtoto wa Bungoma! Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisikia mkwe yuko barabarani anajitosa kwenye mahindi hadi apite. Alikuwa hali naye chumba kimoja, hamtazami, na akitaka kumwambia kitu anamtuma mtu. Nimekua nikiyaona hayo. Na bado niliona mama amekaa upande, amejifunika leso, nikadhani ni woga wa mji. Nilimwona mwenyekiti hainui macho, nikadhani ni madharau. Kumbe hakumwona mama akitikisa kichwa kwa sababu hakupaswa kumtazama. Yeye alimheshimu mkwewe, mkwewe akamheshimu, na katikati yao kibanda kilikuwa kinakwenda. Mtu wa tatu aliyekuwa na macho alikuwa mimi, nami nilikuwa nimenuna.

“Una haki ya kuomba usikilizwe tena,” nikamwambia. Hilo lilikuwa kwenye kanuni, niliruhusiwa kulisema. “Lakini ni kesho asubuhi. Ikipita kesho imepita.”

“Yeye atakuwa ndani?”

“Ndiye mwenyekiti.”

“Basi asikuwe ndani. Akitoka, nitasema. Wengine wale si wakwe zangu.”

Nikaandika chini ya ukurasa, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba anaomba kurudi na mwenyekiti asiwepo. Nikamsomea. Akakubali kila neno, safari hii kwa mdomo. Kisha nikatoa kidau cha wino wa alama za vidole, kwa sababu ombi bila sahihi au kidole si ombi, na mama akarudisha mkono wake nyuma haraka, akauficha ndani ya leso.

“Kidole? Tena?”

“Ni ombi tu, mama. Nimekusomea.”

“Hata wale walijifanya kunisomea.”

Ningekuwa yeye nisingeweka kidole kwenye karatasi ya mtu yeyote hadi nife, hata ya mtoto wangu wa kuzaa. Nikafunga wino. Nikamwambia karatasi bila kidole haitasaidia kitu, sitaki kumdanganya. Akafikiri.

“Basi nitajileta mwenyewe,” akasema. “Mimi ni kubwa kuliko kidole.”

Alhamisi nilipofika kazini alikuwa tayari kwenye benchi la varanda, karibu na mlango wa ukumbi wa kamati, leso mpya, mfuko wa viazi miguuni. Sijui aliondoka kwake saa ngapi. Nilimpa shikamoo, nikapita, sikuongeza neno. Ndani, karani alikuwa anagawa ripoti. Nikamwonyesha ukurasa wangu wenye ombi la mama.

“Haina sahihi.”

“Mwenyewe yuko nje. Mpelekee mwenyekiti kikaratasi hiki.”

“Madam, leo sibebi vikaratasi vyako. Unataka tutukanwe wote?”

Mwenyekiti akaingia, akafungua kikao, akasema kama hakuna wa kupinga basi ripoti ipitishwe. Vinasa sauti vyangu vilikuwa vimewashwa. Nikatoka kwenye kona yangu, nikapita nyuma ya viti vya waheshimiwa, ukumbi ukinyamaza kiti baada ya kiti, nikaweka kikaratasi mbele ya mtu yule yule niliyeapa kutompelekea. Nilikuwa nimeandika hivi: “Shahidi alitikisa kichwa kukataa, mara zote mbili. Hukumwona kwa sababu ni mkweo. Yuko mlangoni anaomba kusikilizwa, wewe ukiwa nje.”

Alisoma. Nilingoja kutukanwa, na nilikuwa nimejitayarisha kujibu, heri nifutwe kazi. Alisoma tena. Shingo ikamlegea.

“Kinasa sauti kinafanya kazi?” akaniuliza.

“Kinafanya, mheshimiwa.”

“Basi iandikwe kwamba mwenyekiti amemwachia makamu kiti. Shahidi ni mkwe wake, na hilo alipaswa kulitangaza siku ya kwanza, hakulitangaza. Lawama ni yake.”

Akakusanya miwani na kalamu. Hakutokea mlango wa varanda. Alizunguka kwa mlango wa nyuma, kule wanakoleta chai, ili asikutane naye. Nikarudi kwenye kona yangu.

Mama akaingia. Makamu, mwanamke wa makamo aliyekuwa mwalimu zamani, akamwuliza swali lile lile. Safari hii mama alikaa akielekea meza, leso ikiwa mabegani. Alitazama vinasa sauti viwili, akainama karibu navyo kuliko ilivyohitajika.

“Hapana,” akasema. “Hapana. Hakuna mtu aliniambia. Walisema ni orodha ya wenye vibanda, niweke kidole ndio nisiachwe nje. Nikaweka.”

Mheshimiwa mmoja akasema “Uwii,” na hiyo pia iliingia. Makamu aliuliza mengine, mama akajibu yote kwa mdomo, hata pale ambapo “ndiyo” moja ingetosha alieleza habari nzima. Nami niliandika saa kwenye daftari. Ripoti ilirudishwa ikaandikwe upya.

Nisiwachoshe: kibanda alirudishiwa. Barua ya mzee iliingia kwenye faili yangu na bado iko, sikuipinga. Lakini kabla kufuli halijatolewa, ripoti ilipaswa kusomwa kwenye ukumbi mkubwa mbele ya Spika, na mwenye kuisoma, kwa utaratibu, ni mwenyekiti wa kamati. Mama alikuja. Alipewa nafasi kwenye viti vya wageni kule juu, na kama nilivyotarajia, alikaa upande, uso ukutani, leso imefunika.

Mwenyekiti akasimama. Hakutazama juu hata mara moja. Alisoma ripoti ukurasa kwa ukurasa hadi akafika kwenye ushahidi, na hapo angeweza kufupisha, wengi hufupisha. Hakufupisha. Aliinua karatasi karibu na macho, akasoma maneno ya mkwewe kama yalivyo, kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe, hadi kule juu.

“Hapana. Hapana. Hakuna mtu aliniambia.”

Ilikuwa zamu yangu. Nilitazama juu, nikaona leso inatikisika, nikajua mama anakubali. Hilo sikuliandika. Niliandika maneno ya mama, na kwenye Hansard jina la aliyeyasema lilikuwa la mwenyekiti.